Shangazi, babu alikuwa na miaka mingapi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Mtwara mjini, nina duka dogo la madaftari na kalamu. Babu yangu, baba yake mama, alifariki mwezi wa sita mwaka huu wa 2025, kijijini kwetu wilaya ya Nachingwea. Sisi ni Wamwera. Alifundisha shule za msingi kuanzia Januari 1963 mpaka alipostaafu 1997, na sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mwalimu. Bibi alimwita Mwalimu hata siku alizomnunia. Vitoto vilivyozaliwa yeye keshastaafu, vikimwona anapita na baiskeli, vilisimama kando ya njia na kuitikia kwa pamoja kama viko darasani, "Shikamoo Mwalimu!"

Alinilea tangu nikiwa darasa la kwanza, mama alipokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Nilipoingia sekondari ya bweni nilimwandikia barua ya kwanza, kurasa mbili, nikimweleza ninavyolia usiku. Baada ya wiki tatu barua ikarudi. Ileile yangu, Shangazi, ndani ya bahasha mpya, imejaa kalamu nyekundu. Chini kaandika: "Salamu zimefika. Nukta hazikufika. 6/10." Katikati ya karatasi kakunja noti ya elfu tano. Bado ninayo. Barua, sio noti.

Sasa ukoo umenipa kazi ya kuandika wasifu wake. Utasomwa siku ya kujengea kaburi na kuweka msalaba, mwezi wa 11, korosho zikishapita mnadani na watu wameshika chochote mkononi. Nimeshindwa, kwa mambo matatu.

La kwanza ni umri. Msibani ilitangazwa kwamba marehemu ana miaka 98. Kadi yake ya pensheni inasema alizaliwa 1 Julai 1942, yaani hakufika hata 83 kamili. Mdogo wake babu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, amesema karatasi za serikali watu waliandikiwa tu, kaka yake ni wa 1927. Nilipomwonyesha kadi alinitazama akasema, "Kwani tumezika kijana?" Fundi wa marumaru hapa Mtwara anataka maneno ya kibao kabla mwezi haujaisha.

La pili ni zito zaidi. Siku ya mazishi, mwenye neno alipoitwa, alisimama fundi baiskeli mmoja wa pale kijijini, mzee wa miaka sitini na kitu. Alisema hivi: "Mwalimu huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Na ndiye aliyenichapa mpaka nikaacha shule darasa la nne. Nimekuja na yote mawili." Akachukua koleo akaenda kufukia pamoja na wengine. Wajomba walikasirika sana, wanasema alitumwa. Mimi nilipofungua sanduku la bati la babu nilikuta daftari la mahudhurio la 1974, na jina la yule mzee limo. Mpaka katikati ya Aprili yupo kila siku. Baada ya hapo ni alama ya kutokuwepo, siku hadi siku, mpaka shule inafungwa mwishoni mwa mwaka. Watoto wengine walioacha wamepigwa mstari baada ya wiki kadhaa. Yeye hakupigwa. Sijamwambia mtu.

La tatu, nikiandika nahisi namwandika mtu mwingine. Mjomba mmoja amenipa rasimu yake: "Marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mwenye upendo kwa watu wote." Shangazi, babu hakuwa mpole. Mcheshi ndiyo kabisa hakuwa. Aliyemjua babu ni mtani wetu, aliyevaa miwani ya marehemu iliyofungwa uzi, akashika kijiti, akawa anazunguka katikati ya waliaji akiuliza, "Koma iko wapi? Wewe mama unalia bila koma!" Watu walicheka mpaka bibi akacheka. Lakini siwezi kuandika hayo kwenye wasifu, au?

Mjukuu wa Mwalimu, Mtwara


Marahaba mwanangu, na poleni nyote.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa natafuta makosa ya nukta, maana huyo babu yako kanitia hofu na mimi huku niliko. Nimekuta mawili. Sikuambii ni wapi.

Tuanze na fundi wa marumaru kwa sababu anachonga, hafuti. Wazee wetu wa Kusini wengi hawakuzaliwa na tarehe, walizaliwa na tukio. Ukikuta kwenye kadi ya mtu wa umri huo 1 Julai au 1 Januari, mara nyingi ujue kuna karani aliuliza "tarehe?", mtu akanyamaza, karani akajaza ili foleni iende. Kwa hiyo babu yako mdogo hajakosea anaposema karatasi waliandikiwa. Siku na mwezi achana navyo. Mwaka ndio unaotafutika, na hautafutiki kwa kubishana kikaoni.

Kaa chini uorodheshe hadithi zote alizokusimulia za utotoni, hata zile ulizozichoka. Najua unazo, mtoto aliyelelewa na mwalimu hakosi. Je, alikusimulia matrekta ya Wazungu wa karanga? Mradi ule wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake kubwa. Bandari ya kina kirefu hapo Mtwara na reli ya kutoka pwani kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake. Mwaka 1951 Waingereza wakaachana nao, na reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa uliza: aliyaona matrekta akiwa mabegani mwa baba yake, au alikuwa kijana anayetafuta kibarua cha kung'oa visiki? Kati ya mtu wa 1942 na mtu wa 1927 hapo hakuna kuchanganya. Mmoja ana miaka mitano, mwingine ana ishirini.

Kipimo cha pili ni dhoruba ya Lindi, Aprili 1952. Mimi mama yangu ni wa Lindi, na sijawahi kukutana na mzee wa pale wa rika hilo asiyekuwa na lake la kusema kuhusu siku ile. Mama alikuwa mdogo. Anasema bibi aliwafunga yeye na kaka yake kwa kanga moja kwenye nguzo ya nyumba, paa likaondoka, wao wakabaki na nguzo. Kama babu yako alikuwa na hadithi ya namna hiyo, basi wa 1927 hawezi kuwa. Mwanamume wa miaka 25 hafungwi kwenye nguzo, yeye ndiye anayefunga. Na huyo wa miaka 25 angekuwa keshaanza kulipa kodi ya kichwa, na wazee waliolipa kodi ile hawakuacha kuisimulia. Uliwahi kumsikia babu akiilalamikia? Au aliisimulia kama kitu kilichokuwa kinamkimbiza baba yake porini?

Ualimu wenyewe nao unasema. Umesema alianza Januari 1963. Vijana wengi wa wakati ule walimaliza darasa la nane, wakasoma ualimu miaka miwili, wakatoka na Daraja C wakiwa wadogo kabisa, wengine ndevu hazijaota vizuri. Mtu wa 1942 hapo ana miaka 20 au 21. Mtu wa 1927 ana 35 au 36, kwa hiyo babu mdogo atueleze kaka yake alikuwa wapi miaka kumi na tano yote hiyo katikati.

Na kwa kuwa mnaweka msalaba, lazima kuna ubatizo. Kama alibatizwa Ndanda, misheni ile ipo tangu 1906 na vitabu vya ubatizo parokiani hutunzwa. Nenda siku ya kazi, si Jumapili, ukiwa na jina lake la ubatizo, jina la baba yake na jina la msimamizi wake kama bibi analikumbuka. Usishtuke ukikuta Kilatini, vitabu vya zamani ndivyo vilivyoandikwa, padri atakusomea. Kama alibatizwa mchanga utapata karibu siku yenyewe. Kama alibatizwa mkubwa, utapata angalau umri ambao padri aliukadiria akimtazama usoni, na hilo nalo si haba.

Sasa babu mdogo. Mwanangu, wewe umeona kadi ya pensheni, mimi nimeona kitu kingine. Ukimpunguza marehemu miaka 15, umempunguza na yeye. Leo anatembea kijijini kama mzee wa miaka tisini na ushee, kiti chake kanisani kinajulikana, vijana wanamwamkia kutoka mbali. Wewe umetoka mjini na kadi mkononi, mbele ya watu, unamrudisha kwenye themanini, au sabini na kitu. Ungekuwa wewe ungekubali?

Usimpelekee kadi tena. Mpelekee daftari. Nenda peke yako, beba sukari na majani ya chai, mwambie, "Babu, naandika habari za kaka yako na wewe ndiye uliyebaki unayejua." Kisha muulize ya kwake: wewe matrekta uliyaona? Dhoruba ilikukuta wapi? Ulipoingia jandoni, Mwalimu alikuwa keshatoka miaka mingapi? Reli inang'olewa ulikuwa unafanya nini? Andika anavyosema, usimkatize, usipige hesabu mbele yake. Atafika mwenyewe. Asipofika, una kumbukumbu za mtu aliyebaki, na hizo hata kibao kikikosea utashukuru kuwa nazo. Ni mtu mzima; msimu ujao wa korosho hatujui.

Kwenye kibao aandike "Alizaliwa mnamo 1942", kama ushahidi utaelekea huko. Hilo neno "mnamo" limebeba heshima za watu wengi. Lile tangazo la 98 liacheni lilale na msiba. Hakuna atakayesimama makaburini kudai miaka yake 15.

Nije kwa fundi baiskeli.

Kwanza, hakutumwa. Aliyetumwa hachukui koleo. Wajomba zako wamesikia nusu ya pili tu ya maneno yake, na nusu ya kwanza ilikuwa sifa kubwa kuliko zote zilizosemwa siku ile, kwa sababu imetoka kwa mtu asiyekuwa na sababu ya kusifu. Pili, yawezekana kabisa ni kweli. Mimi nimesoma miaka ileile ya sabini, mkoa huuhuu ulipokuwa tu umegawanywa Lindi na Mtwara, na fimbo ilikuwa sehemu ya ratiba kama mchakamchaka. Walimu wetu walichapwa, wakachapa. Nasema hivi sio kumtetea babu yako. Mtoto wa miaka kumi na moja hajui historia ya fimbo, anajua mgongo wake.

Kuhusu lile daftari la 1974, nimelifikiria usiku mzima na nakuomba usilifanyie haraka. Vishawishi viko viwili. Kimoja ni kulificha. Kingine, ambacho naona kinakunyemelea zaidi, ni kusimama siku ya msalaba na kusema, "Tazameni, babu alijuta, alimngoja mtoto huyu mwaka mzima." Hujui hilo. Huenda alimngoja. Huenda alikuwa na kiburi cha kutokubali kuwa mwanafunzi wake ameacha. Huenda mwalimu mkuu alitaka idadi ibaki ilivyo. Tena miaka ile ndiyo ya kuhamia vijijini, familia zilikuwa zinabeba milango na mabati kichwani kwenda kuanza upya, watoto wanapotea shule moja wanaibukia nyingine. Yaweza kuwa aliendelea kumwandika akidhani atarudi kutoka huko. Daftari lina alama, maelezo halina.

Anayestahili kuliona kwanza ni yule mzee. Mpelekee kabla ya mwezi wa 11, nyumbani kwake au pale anapozibia matairi, wakati hakuna wateja. Usiende na mjomba. Usiende na samahani iliyoandaliwa, maana hukumchapa wewe. Mwambie, "Nimekuta hili, nikaona ni lako kuliko langu." Mwachie alishike. Atasema anachotaka kusema au atakurudishia aendelee na tairi lake. Akikwambia kilichotokea Aprili ile, sikiliza mpaka mwisho hata kama babu yako anatoka vibaya. Kisha muulize jambo moja tu: angependa liandikwe au lisiandikwe? Akikataa, lisiandikwe. Akikubali, liandike kwa maneno yake yale ya makaburini, sentensi tatu zilezile, bila kuongeza hata "lakini". Yule mzee kaacha shule darasa la nne na sijasoma siku za karibuni sentensi zilizokaa vizuri kama zile. Babu yako angempa kumi.

Wajomba watapiga kelele. Waambie wasifu utasomwa mbele ya watu waliofundishwa na marehemu tangu 1963. Ukisema mbele yao kwamba Mwalimu alikuwa mpole, watakohoa.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Unauliza kama unaweza kuandika aliyoyafanya mtani. Mwanangu, mtani keshakuandikia aya ya kwanza na wewe unaitazama tu. Kwetu mtani amepewa ruhusa ambayo mtoto wa marehemu hana: anavaa miwani ya maiti, anatembea mwendo wake, na watu wakicheka ni kwa sababu wamemwona. Bibi yako, aliyekaa naye miaka yote hiyo, alicheka. Huo ndio muhuri. Chukua rasimu yako uipitishe kwa mtani. Kila sentensi jiulize, mtani angeweza kuiigiza hii? "Mwenye upendo kwa watu wote" haiigiziki. "Alirudisha barua ya mjukuu wake ikiwa na 6/10 na noti ya elfu tano ndani" inaigizika hata na mtoto.

Mikorosho yake aliipandaje? Nakuuliza kwa sababu nimewajua walimu wastaafu wa huko kwetu, na sijaona hata mmoja aliyepanda ovyo. Wanapima mita 12 kwa 12 kwa kamba, mti ukiota pembeni ya mstari unang'olewa kama mwanafunzi aliyechelewa. Alipulizia salfa mwenyewe? Alikuwa na kidaftari cha kilo? Alipopeleka korosho ghalani alikubali mizani ya karani au alipima nyumbani kwanza? Na mwaka 1970, ule uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, alifundisha kisomo? Karibu kila mwalimu wa kijijini alifundisha. Kama ndiyo, pale kijijini bado yupo bibi kizee aliyejifunza kuandika jina lake kwa taa ya chemli kutoka kwa babu yako, akiwa na mtoto mgongoni. Mtafute huyo. Muombe akuandikie jina lake kwenye karatasi, hivyohivyo linavyotoka, na siku ya msalaba iweke karatasi hiyo mezani karibu na picha ya marehemu.

Usianze na "Marehemu alizaliwa". Anza na vitoto vilivyosimama kando ya njia, au bibi aliyemnunia Mwalimu huku akimwita Mwalimu. Mwaka wa kuzaliwa uje baadaye, ukiwa umeshapatikana. Kurasa mbili zinatosha, jua la mwezi wa 11 unalijua, na wapishi nao wanataka kupakua. Majina ya wajukuu na vitukuu yasome mtu mwingine, yule mwenye sauti, maana wewe ukifika jina la mama yako utalia na hutaweza kurudi.

Ukimaliza, mpe bibi akusikilize kabla ya mtu mwingine yeyote. Akinyamaza sehemu, irudie hiyo sehemu.

Na fundi wa marumaru mwambie angoje wiki tatu. Akisema haiwezekani, mrudishie karatasi yake, mafundi wa vibao hapo Mtwara wako wengi.

Shangazi